Siku Daktari Bujiku Alipojaza Uwanja

Daktari Novatus Bujiku alifariki Jumamosi moja ya Julai, saa tisa na nusu alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa Nkololo, na hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yake ya muziki aliyowahi kujaza uwanja. Yuko hai mpaka leo. Anafundisha, anakula, analalamikia foleni za Dar. Lakini sisi tulishamlilia, na mimi Specioza, Afisa Utamaduni, ndiye niliyeagiza viti.

Nianze na muziki wake, maana mwenyewe angetaka hivyo. Alianza na tarumbeta ya bendi ya parokia, hapo hapo Nkololo, akipuliza Krismasi na Pasaka. Mwaka 1994 akaipata saksafoni kwenye hoteli moja jijini, na tangu siku hiyo hakuitazama tena tarumbeta wala Nkololo. Akapiga mahotelini, watu wakila. Akaenda kusoma Ulaya, akarudi na shahada mbili, kofia nyeusi, na miwani ya jua ambayo haivui hata ndani ya lifti. Chuo kikuu kimoja kikamwajiri kufundisha muziki. Kila mwezi aliandaa kitu alichokiita Jioni ya Jazi, na wasikilizaji wake walikuwa kumi na mmoja. Idadi naijua kwa sababu tisa kati yao tulikuwa wanafunzi wake na tulikuwa tunasaini mahudhurio. Wa kumi alikuwa mlinzi wa ukumbi, ambaye asingeweza kuondoka. Wa kumi na moja sikuwahi kujua ni nani, ila alikuwa analala.

Sisemi kwamba hajui kupiga. Anajua. Ile saksafoni akiipuliza polepole unaweza kukumbuka deni la machozi ulilonalo tangu utotoni. Tatizo ni kwamba baada ya dakika tatu anakumbuka kuwa yeye ni msomi, na hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta mlango.

Kwenye karatasi alikuwa amebobea katika ngoma za kwetu. Aliandika kitabu cha kurasa mia nne juu ya Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya wachezaji yanayokutana baada ya mavuno kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake, na jaji hakuna. Mtazamaji anakwenda kwa miguu yake upande unaomvutia. Wenye watu wengi ndio washindi, kwisha habari. Mimi ni mtoto wa Bariadi, nimeyaona hayo tangu nabebwa mgongoni, na kwenye mtihani wake niliandika nilivyoona. Akachora duara jekundu, akaandika pembeni: "Chanzo?" Nikapata sapu, nikalazimika kurudia mtihani. Kwenye sapu nikaandika maneno yale yale, ila mwishoni nikaongeza "Bujiku, ukurasa wa 212." Nikapata A.

Miaka tisa baadaye akanipigia simu ofisini.

"Specioza, bila shaka unanikumbuka."

"Nakukumbuka, Mwalimu. Uliniangusha."

"Nilikujenga," alisema, na bila kuvuta pumzi akaingia kwenye shida yake. Alitaka uprofesa. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa imemrudishia faili mara mbili, ikiuliza muziki wake unamfikia nani hasa. Sasa ilikuwa inataka video ya saa nzima, isiyokatwa mahali popote, ikimwonyesha akipiga mbele ya watu wasiopungua mia tano wa jamii. Akikosa safari hii angestaafu akiwa daktari, na wenzake wawili aliowazidi umri walishaanza kuitwa maprofesa. "Nitapiga nyumbani," alisema. "Nyumbani watu watakuja."

Nyumbani! Alikuwa hajakanyaga Nkololo kwa miaka thelathini.

Nilimwambia kwamba Jumamosi aliyoichagua Wagika na Wagalu wangekuwa wanashindana kwenye uwanja wa mnada, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Akasema vizuri, jamii italinganisha. Nikamwambia kwetu watu hawatazami muziki wakiwa wamekaa. Akasema jazi ni muziki wa kukaa, na akaniagiza turubai nne na viti vyeupe vya plastiki mia tatu. Kisha akaja na bango lake, limechapishwa Dar, refu kuliko mlango wa kanisa.

Naomba mlione hilo bango kama nilivyoliona mimi. Picha yake kubwa, nyeusi na nyeupe, ya miaka ishirini iliyopita, kainamisha kichwa kidogo na kutabasamu kwa upole ambao sijawahi kumwona nao. Chini yake, kwa herufi nene: NOVATUS M. BUJIKU, 1994–2024. Chini zaidi, kwa herufi za kutafutia miwani: Miaka Thelathini ya Saksafoni. Na yule mama wa mapambo aliyeleta viti kutoka Bariadi, ambaye hupamba harusi na misiba kwa maua yale yale, akapanga maua meupe kwa chini na kuufunika ule mstari wa mwisho wote.

"Mwalimu," nilimwambia, "watu wa hapa wakiona turubai, viti vyeupe, maua, na picha ya mtu ikiwa na mwaka wa kwanza na wa mwisho chini yake, watafikiri..."

"Chanzo?" aliniuliza, akacheka sana, akanipiga bega. "Specioza, hawa watu nimewaandikia kitabu."

Basi nikanyamaza. Nakiri kabisa kwamba nilinyamaza, na wakati ule nilijisikia raha.

Saa nane mchana Method, mpiga picha aliyetoka naye Dar, akasimamisha kamera. Novatus akapanda jukwaani na suti nyeusi, kofia na miwani, tumbo na ndevu nyeupe ambavyo kwenye bango havikuwepo, akapuliza. Mbele yake kulikuwa na viti mia tatu, mimi, na mbuzi watatu. Kutoka uwanja wa mnada ngoma zilikuwa zinatingisha ardhi, na kila mtu mwenye miguu alikuwa huko. Saa nane na robo Novatus alimfanyia Method ishara ya kuzima kamera, waanze upya. Nilianza kumwonea huruma, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Hapo ndipo alipopita Mzee Mhoja na baiskeli yake. Mzee Mhoja ni katibu wa chama cha kuzikana cha Nkololo, na hakuna anayekufa kwenye kata ile bila kupita kwenye daftari lake. Aliliona bango. Akashuka, akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akaja kukaa kiti cha mbele.

"Mwadila," alinisalimu kwa sauti ya chini.

"Mwadila, baba. Mhola? Ni kwema?"

"Mhola gani tena, na mambo yenyewe ndiyo haya." Alitikisa kichwa akiitazama picha. "Mtoto wa Bujiku. Aliugua?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini jukwaani Novatus alikuwa amemwona, msikilizaji wake wa kwanza, na alikuwa ananitazama mimi huku akitingisha kidole: usimsumbue, mwache asikilize.

"Sijui, baba," nikasema.

"Ghafla hivyo," alisema Mzee Mhoja. Akatoa simu.

Saa nane na nusu na ushei Method aliwasha kamera upya, na dakika chache baadaye ngoma zikanyamaza. Ninyi msiotoka huku hamwezi kujua uzito wake. Mashindano ya Wagika na Wagalu yakishaanza hayasimamishwi na mvua, wala na mheshimiwa aliyefika kuhutubia. Yanasimamishwa na kifo. Ukimya ule ulikuja ukiwa na miguu ya watu zaidi ya elfu moja. Wachezaji walikuja na njuga zao wamezishika mkononi zisilie. Wanawake walikuwa wameshafunga kanga viunoni, wengine wanabeba ndoo za maji, wengine unga na masufuria. Wanaume walibeba kuni mabegani wakazitua pembeni ya goli. Wanaume wakajaza viti, wanawake wakakaa chini, na kilio kikaanza upande wa kushoto na kuzunguka uwanja mzima.

Vijana wanne wenye majembe na sururu wakanifuata. "Dada, tunachimba wapi?"

"Subirini kwanza," niliwaambia.

Nyuma yangu binti mmoja alikuwa anapiga hesabu ya bango. "Kumbe alikuwa na miaka thelathini tu? Mbona ana upara?"

"Masomo yanazeesha," alijibiwa.

Na Novatus? Alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akaona elfu moja wamekaa kimya wanafuta machozi, akayafumba tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alipitisha dakika tatu bila kukumbuka kuwa ni msomi. Alipiga polepole, wimbo mmoja baada ya mwingine, na nitasema kweli hata kama inaniuma, nami nililia. Kisha akapumzika kunywa maji, na Mzee Mhoja akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti, akampa mkono, "Asante, fundi," na kufungua daftari.

Alizungumza Kisukuma, taratibu, kama anavyofanya kwenye kila msiba.

"Tunamzungumzia marehemu Novatus, mtoto wa Bujiku. Alizaliwa hapa. Alipiga tarumbeta vizuri kanisani. Babake alimsomesha kwa ng'ombe mpaka zizi likabaki nyasi. Baba huyo alipofariki, marehemu alituma wimbo kwenye simu, tukausikiliza, betri ikaisha katikati, tukazika." Alifunua ukurasa. "Tangu aondoke tumekuwa na misiba arobaini na mitatu. Ninyi mnajua utaratibu, kila nyumba mzigo wa kuni. Kuni za marehemu zimefika misiba yote arobaini na mitatu. Shangazi yake Minza alikuwa anakuja na mizigo miwili, anatua mmoja anasema huu wangu, anatua wa pili anasema huu wa Novatus. Kuni zake tumeziona. Miguu yake hatukuiona. Lakini leo tumeacha ngoma, tumekuja, kwa sababu kuni ziko kwenye daftari."

Novatus alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, chupa ya maji mdomoni. Kisukuma hakikuwa kimemtoka. Nilimwona akiielewa kila sentensi kwa zamu yake, na nilimwona akigeuza kichwa na kulitazama bango lake kwa mara ya kwanza kama mtu wa Nkololo. Nikapanda jukwaani nikasimama nyuma yake.

"Mwalimu, waambie. Kipaza sauti ndicho hicho."

"Wako wangapi?" aliniuliza, midomo haichezi.

"Elfu na kitu. Waambie."

"Nikiwaambia watafanya nini?"

"Watakutukana kidogo, watacheka, watarudi kwenye ngoma."

Alitazama kamera. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. "Method," alisema, "bado dakika ngapi?"

"Ishirini, Dokta."

Akaweka saksafoni mdomoni.

Alikuwa na maana yake, siwezi kukataa. Maisha yake yote alikuwa anawatafuta watu hawa elfu moja, na sasa aliwapata, na sharti lao lilikuwa dogo tu, abaki amekufa kwa dakika ishirini. Nami je? Ningeweza kuchukua kipaza sauti mwenyewe. Lakini ofisini kwangu kuna fomu yenye kisanduku cha idadi ya washiriki, na kisanduku hicho huwa nakijaza kwa aibu. Nikashuka jukwaani.

Shangazi Minza alifika kwa bodaboda, analia kwa sauti iliyofika kabla ya pikipiki. Huyu ndiye aliyemlea Novatus baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba, na kwenye pikipiki, mbele ya dereva, alikuwa amepakia mzigo wa kuni. Mmoja tu. Ule mwingine, nadhani, hakujua amletee nani. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja kwenye bango, akaishika ile picha kwa chini, akalia jina lake na jina la mama yake.

Kisha akanyamaza katikati ya kilio. Alikuwa anamtazama mpiga saksafoni. Novatus ana tabia ya kulamba mdomo wa juu mara mbili kabla ya kupuliza, na nadhani alikuwa nayo tangu enzi za tarumbeta. Shangazi Minza alipanda ngazi za jukwaa moja moja, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kugusa saksafoni.

"Nova?" alimuuliza. "Ng'wanawane, mwanangu, ni wewe?"

Mimi nilikuwa chini, pembeni ya jukwaa, na nilisikia kila kitu. Uwanja haukusikia. Novatus aliishusha saksafoni kidogo. Method aliinua vidole vitano kuonyesha dakika tano. Nilimwombea, kwa kweli nilimwombea, jamani, mzee huyu amwambie shangazi yake ndiyo.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi ni wa bendi tu."

Mama yule hakumzaba kofi. Alibaki anaitazama ile miwani mpaka machozi yake yakakauka usoni. Halafu akageuka, akachukua kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ya Mzee Mhoja.

"Watu wangu," alisema kwa Kisukuma, "mimi ndiye ndugu yake wa karibu aliyebaki. Nilikuwa na wasiwasi, nikataka kuhakikisha kwa macho yangu. Nimehakikisha. Amekufa kweli. Lieni."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Watu wakalia kuliko mwanzo, na Novatus naye akapuliza dakika zake tano za mwisho juu ya kilio hicho, na zilikuwa nzuri kuliko zote. Mzee Mhoja akafungua daftari, akaweka rula, akapiga mstari juu ya jina. Vijana wa majembe walipouliza mwili uko wapi, Shangazi Minza aliwajibu kwamba uko Dar, na wenzake wa chuo watajua pa kuuweka. Tukapika ugali, tukala, tukatawanyika. Ngoma hazikurudi siku hiyo.

Jumapili yake marehemu alionekana stendi ya Bariadi ananunua maji, na kufika Jumatatu Nkololo nzima ilikuwa na habari. Nilitegemea watu waje kunivunjia ofisi. Hakuja hata mmoja. Walikwenda kwa Mzee Mhoja kumuuliza kama jina litarudishwa, naye akawauliza kama kuna anayetaka kumwambia Minza kwamba ni mwongo. Hakuna aliyetaka. Kwenye msiba uliofuata Shangazi Minza alitua mzigo mmoja, akasema huu wangu, akaenda kukaa na wenzake.

Kamati iliipenda video. Chini yake Novatus alikuwa ameweka tafsiri kwa ajili ya wasiojua Kisukuma. Hotuba ya Mzee Mhoja aliiita "utenzi wa jadi wa kumsifu msanii." Maneno ya shangazi yake aliyaandikia "mama wa kijiji akitoa shukrani." Kamati ilisema haijawahi kuona hadhira iliyoguswa kiasi kile, na Novatus akawa profesa. Mimi niliandika kwenye kisanduku changu watu 1,200, nikapata barua ya pongezi, ambayo ipo kwenye droo na sijaifungua mara ya pili.

Shangazi Minza alifariki mwaka huu mwezi wa nne. Nilimpigia Profesa mwenyewe. Akasema anakuja, na kweli alikuja, kwa basi, usiku kucha. Alishuka Nkololo asubuhi bila kofia wala miwani, shati limekunjamana, macho mekundu, mzee wa kawaida kabisa. Njiani alikuwa amenunua mzigo wa kuni, akaubeba begani mwenyewe, ukamchafua shingo. Watu wote walimwona anaingia nyumbani kwa marehemu. Wote walimjua. Hakuna aliyeinuka.

Mzee Mhoja alikuwa mlangoni na daftari lake. Alimtazama kama anavyomtazama kila mgeni.

"Mwadila, baba," alisema Novatus. "Nimeleta kuni."

"Za nyumba ipi?"

Novatus akataja jina lake. Mzee Mhoja alifungua daftari, akashusha kidole taratibu kwenye ukurasa, akasimama kwenye mstari uliopigwa kwa rula, akamgeuzia aone mwenyewe.

"Huyu tulimzika," alisema. "Marehemu Minza mwenyewe alihakikisha. Wewe ni nani kwake?"

Msiba mzima ulikuwa unasikiliza. Novatus alisimama na kuni zake begani, akatafuta jibu, na nadhani alitafuta kwenye kurasa zote mia nne.

"Mimi," alisema mwishowe, "ni wa bendi."

"Karibu," alisema Mzee Mhoja, akamwonyesha pembeni, kwenye spika na jenereta. "Bendi wanakaa kule. Ukiwa tayari, piga."

Alikwenda akakaa kule alikoonyeshwa, mzigo wa kuni magotini, mikono mitupu. Safari hii, kwa heshima ya shangazi yake, saksafoni alikuwa ameiacha Dar.